Aliyemchongea Godson

Overport, Durban
3 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kabla sijauliza habari za goti lako, pokea lililo jipya: Sonia hatakimbia mwaka huu, na huenda asikimbie tena. Amesema hivyo jana Daktari Clara, bingwa wa tiba ya wanamichezo, mbele yangu na mbele ya Ninahazwe, yule shangazi wa Kirundi anayemlea msichana huyo. Mfupa wa paja ulipasuka karibu na nyonga, sasa umeshikwa kwa skrubu. Sonia ana miaka kumi na tisa.

Haya, goti. Uvimbe umepungua? Unafanya yale mazoezi ya kuinuka kitini, au umerudia kulipaka mafuta na kulilaza? Mimi ni mzima, kazi ya gazeti inaendelea.

Kwenye simu ulisema ndugu yangu Godson amesimamishwa ukocha kwa wivu wa Warundi, kwa kuwa wasichana wake wanashinda. Nakuandikia niliyoyaona mwenyewe, na niliyoambiwa nitataja nimeambiwa na nani.

Kila Jumamosi, uwanjani Sydenham, mwanao alikuwa akiwapanga wasichana na kuwapima uzito hadharani. Aliyeongezeka alifungwa mkate mzima shingoni kwa kamba, akazunguka nao uwanja huku wenzake wakimwimbia "Mama Bekari". Nilimwuliza kama haoni haya. Alicheka, akasema, Dada, tumbo halijawahi kuleta medali. Sonia alivishwa mkate mara moja. Ameniambia tangu siku hiyo alishindia chai na chungwa. Akawa mwepesi kweli, akashinda mbio mbili, Godson akamwita Swala.

Kisha hedhi ikakatika. Niwie radhi kuandika haya, lakini wewe ni mama. Sonia alimweleza kocha wake kwa aibu, naye akampongeza, akisema sasa mwili umekuwa wa mkimbiaji. Godson mwenyewe alinisimulia hilo akijisifu. Daktari Clara anasema zamani makocha wengi waliamini hivyo, ila utafiti wa sasa unaonyesha kinyume: mwili usiopata chakula kinachotosha kazi yake huanza kujibana, hedhi ikasimama, mifupa ikadhoofika. Ile haikuwa dalili ya ushindi. Ilikuwa hatari.

Ninahazwe hakuwa na wa kumweleza hayo. Aliona tu kwamba pedi hazinunuliwi. Aliniita dukani kwake akaninong'oneza, eish, sister, huyu mtoto iko na mimba. Kipimo cha duka la dawa kikasema hakuna. Kanisani wakasema basi ameitoa. Wakamwondoa kwenye kwaya, na kina mama watatu wakamwingiza nyuma ya pazia wakamminya tumbo kama watu wanaochagua parachichi sokoni. Sonia akalia akisema, muulizeni kocha, yeye anajua.

Godson alikuwa benchi la mbele, nami nilikaa kando yake. Wazee walipomwuliza, alijibu kwamba mambo ya tumbo la msichana si kazi ya kocha. Mtu aliyekuwa akiyapima matumbo hayo kila Jumamosi! Akainama akaangalia viatu vyake. Nimeripoti mafuriko na mauaji, Mama, nikarudi nyumbani nikala. Siku ile sikula.

Sonia anasema nyonga ilipoanza kumuuma, Godson alimwambia ni shetani wa uvivu, akampa vidonge vya maumivu na kumpanga mbio nyingine. Hakufika huko. Alianguka Mobeni, kwenye robot, zile taa za barabarani, akivuka barabara kwa kutembea tu. Ninahazwe sasa anakaa kando ya kitanda chake akimwomba msamaha, na Sonia anageukia ukutani.

Umeniagiza nimchukue Godson, twende kwa Ninahazwe na kreti ya soda na kitenge, tuombe radhi, yaishie nyumbani. Najua ndivyo tulivyolelewa. Lakini wako wasichana wengine kumi na mmoja kwenye ule mstari, na wawili wameniambia nao hedhi imekatika. Kitenge cha Ninahazwe hakitawasaidia.

Uliniuliza pia nani amemchongea mwanao. Ni mimi. Niliandika malalamiko kwa chama cha riadha siku iliyofuata baada ya Sonia kuanguka, nikatia jina langu kamili. Godson hajui bado. Nitamwambia kesho, ana kwa ana. Ulisema aliyefanya hivyo alaaniwe yeye na kizazi chake. Kabla hujarudia maneno hayo, ujue unamlaani nani.

Baba mpe shikamoo yangu. Majirani wote wasalimie, na lile goti usilionee huruma sana.

Kikao cha chama cha kusikiliza malalamiko ni Jumamosi, tarehe 14 Machi, saa nne asubuhi. Shahidi wa kwanza ni mimi.

Mwanao,
Irene