Ukurasa Ambao Mama Amesimama Majini

Dada yangu,

Asalaam alaykum. Barua hii ningeweza kuituma kwenye simu yako kama zile nyingine. Ungeisoma, ungeniwekea kikatuni cha uso unaolia, na mambo yangeishia hapo. Ndiyo maana nimeiandika wazi, uisome wewe huko Nairobi na aisome kila mama ambaye kitabu chako kimo ndani ya nyumba yake. Najua utakasirika. Kasirika, lakini soma mpaka mwisho.

Unakikumbuka kile kitabu cha darasa la pili? Kabati zima la shule yetu hapa Siyu lilikuwa na kitabu kimoja tu cha habari za pwani, nacho kilitoka mbali. Watoto wamevaa kofia, wanajenga nyumba ya mchanga kwa ndoo nyekundu, na baba yao amelala chini ya mwavuli. Ulikitazama sana, kisha ukamuuliza mwalimu, "Hawa hawana kazi?" Darasa zima lilicheka, mwalimu naye akacheka hata akasahau kukuadhibu. Kwetu hakuna aliyeshuka pwani kwenda kukaa. Watu walikwenda kutafuta kombe, kuokota kuni, kutanda vidagaa kwa leso. Jioni ile ulichukua mkaa ukachora kwenye ukuta wa jikoni wanawake wawili wameinama na leso yao imejaa samaki. Kesho yake Mama alikugombeza kutwa, lakini ukuta hakuupaka chokaa mpaka Ramadhani ilipokaribia.

Kwa hiyo kitabu chako kilipotoka, mimi sikushangaa. Nililia tu, basi. Niliwasomea watoto wangu wa chekechea, na ilikuwa mara yao ya kwanza kuona kitabu wanachoweza kubishana nacho. Mmoja aliniambia, "Mwalimu, kaa huyu hatembei hivi," akashuka chini kunionyesha. Walilijua ganda la kombe, waliijua mikoko, walimjua hata yule punda wako mkaidi aliyekataa kuvuka tope. Kitabu kizuri, Dada. Nimelisema hili kwanza ili usije ukaniambia nakionea kijicho.

Na Rukia ndiye aliyekipenda kupita wote. Tangu kazi ikuchukue Nairobi ukaniachia mwanao, kitabu hicho analala nacho. Hasemi "kitabu kinasema." Anasema, "Mama kasema." Nikimwambia chaza wako upande huu wa mwamba, ananijibu kwamba Mama kasema wako upande ule, na hapo maneno yangu hayana uzito tena. Kuna siku nilikuonea wivu kabisa. Mimi ndiye ninayemsuka nywele, ninayemtibu homa, halafu karatasi inanishinda.

Sasa tuje kwenye ukurasa wenyewe. Wanaosoma barua hii wafungue kitabu katikati. Mama yetu amesimama majini, leso ameifunga kifuani, kikapu kichwani, maji yanamfika magotini. Mbele yake, juu ya fungu la mchanga, wasichana wawili wameinama wanachimba. Ni mimi na wewe. Maneno yaliyoandikwa ni haya tu: "Mama yuko majini. Sisi tuko kwenye fungu."

Wewe na mimi tunajua Mama alikuwa akifanya nini pale. Msomaji hajui. Kati ya ufuo na lile fungu kuna mkondo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji hutoka sana asubuhi, na mkondo unabaki wa kuvukwa kwa miguu. Ukivuka, fungu lote ni lako. Lakini maji yakianza kurudi hayaji kutoka mbele unakotazama. Yanaingia kwanza mkondoni, nyuma yako, wakati wewe bado umesimama juu ya mchanga mkavu na unaona bahari iko mbali. Anayengoja maji yamguse miguu ndipo arudi, amekwisha chelewa.

Kwa hiyo Mama alisimama mkondoni. Yakiwa magotini, tulicheza. Yakimfika mapajani, tuliacha kila kitu tukarudi, hata kama tumeona kombe la ajabu. Hakutuita, kwa sababu upepo wa pale haumpi mtu nafasi ya kuita. Alikuwa akitwambia neno moja tu tunapotoka nyumbani, "Nitezameni mimi," na zaidi ya hapo hakueleza. Tulilijua kama tulivyojua kula kwa mkono wa kulia. Nani anaandika kitabu akamweleza mtu ale kwa mkono gani? Ndivyo ulivyosahau. Yeyote wa kwetu angesahau vilevile, na mimi niliyekisoma kitabu mara nyingi darasani sikuona kwamba pana kitu kimepungua.

Jumamosi ile Rukia alitoka chuo cha Kurani mapema kwa kuwa maalim alikuwa na mazishi Pate. Mimi nilikuwa uani nafua, nikidhani anacheza kwa jirani. Akapita Bi Khadija, yule wa nyumba ya nyuma, anatoka shamba na mzigo wake wa makuti. Akaniuliza, "Mwana wenu nimempita ndiani, yuwashuka pwani na chake kitabu. Yuko na nani?"

Niliacha nguo kwenye karai nikashika njia ya minazini, viatu nikaviacha sijui wapi. Nilikuwa nikihesabu mwezi kichwani huku nakimbia. Bamvua. Na jua lilikuwa limekwisha kuwa kali, maana yake maji yamegeuka zamani.

Nilipotokea ufuoni nilimwona. Alikuwa kwenye fungu peke yake na mtandio wake wa njano, ameinama kama tulivyokuwa tukiinama sisi, mgongo ameupa mkondo. Nikaingia majini mpaka mahali pale pa Mama. Miguu yangu ilipajua yenyewe. Maji yakanifika mapajani. Nikainua mikono nikaita, nikaita tena, sauti ikarudi kwangu mwenyewe. Nikajiambia, atageuka, ataniona, atarudi, maana sisi tulikuwa tukirudi.

Akageuka kweli. Akaniona. Akanipungia mkono kwa furaha, kisha, Dada, akaketi. Akaketi kitako juu ya mchanga akafungua kitabu mapajani. Akanitazama mimi, akatazama kitabu, akanitazama mimi tena. Alikuwa akilinganisha.

Sijapata kuogopa namna ile, hata siku Mama alipokata roho mikononi mwangu. Siku ile angalau nilijua kinachokuja. Hapa mtoto alikuwa anatabasamu, na kadiri nilivyosimama ndivyo alivyozidi kutulia, kwa sababu kusimama kwangu ndiko kulikomfurahisha. Wewe na mimi hatukufundishwa kuogelea, wajua. Nikasema bismillahi nikavuka.

Katikati maji yalikuwa kiunoni na yalinivuta kwa upande. Nilipopanda kwenye fungu mchanga ulikuwa mkavu, tena wa moto. Rukia akanikimbilia. "Mama mdogo, umesimama pahali pake kabisa!" Nikamnyanyua nikamkalisha mabegani bila kusema kitu, nikarudi majini. Sasa yalikuwa kifuani. Mbele kidogo yakanifika shingoni, na vidole vya miguu vikawa vinagusa na kuachia. Nikatoa shahada. Na mwanao huko juu hakuwa amenishika. Kwa mikono yote miwili alikuwa ameinua kitabu.

"Nishike," nikamwambia.

"Bibi atarowa."

"Mwache arowe. Nishike kichwa."

Akanishika kwa mkono mmoja, wa pili akakataa kuushusha. Bi Khadija alikuwa amenifuata mbio, mzigo ameutupa. Aliingia majini mpaka kifuani, akafungua leso yake ya juu, akanirushia ncha. Nikaikosa. Akaivuta, akanirushia tena, nikaidaka kwa meno kwa kuwa mikono ilikuwa imeshika miguu ya mtoto. Ndivyo tulivyotoka.

Ufuoni nilimpiga Rukia kofi la paja, kisha nikamkumbatia, kisha nikaketi mchangani nikalia mimi. Yeye hakulia. Alikuwa anafuta kitabu kwa mtandio wake. Akafungua ukurasa ule, akautazama mkondo uliojaa mbele yetu, akaniuliza, "Mbona maji ya Bibi hayapandi?"

Bi Khadija aliniangalia nimjibu mtoto.

Nilikupigia alasiri ile. Ulilia, ukasema alhamdulillahi mara nyingi, ukaongea na mwanao mpaka simu ikazima. Nashukuru kwa hilo. Lakini nilipokwambia siku ya pili kwamba, kwa kuwa wachapishaji wako wanakaribia kukichapa tena kitabu, ukurasa ule uongezwe maneno, uligeuka ukawa mtu mwingine. Ukasema, "Pale pasiguswe." Ukasema Mama hana picha nyingine duniani ila ile. Ni kweli. Alikimbia kila kamera ya kila harusi, na ile ya kitambulisho, ambayo alionekana kama mtu anayengoja kuchomwa sindano, ilirudi serikalini pamoja na kitambulisho alipofariki. Ukaniambia, "Ukiandika maelekezo pale, utakuwa umemgeuza Mama kibao cha barabarani." Tangu siku hiyo salamu zako zinapitia kwa Rukia.

Neno hilo la kibao liliniuma. Nikakichukua kitabu nikamtazama Mama. Umemchora vizuri mno. Bega moja chini kidogo, kidevu juu, na ule mdomo wake wa mtu anayejizuia kucheka. Halafu nikakitazama kikapu. Umekichora kitupu.

Mkono wako ulikumbuka, hata kama wewe umesahau. Kikapu cha Mama kilirudi nyumbani kitupu siku zote za bamvua. Wenzake walijaza kombe na chaza, wakamtania njia nzima kwamba yeye huenda pwani kunyosha miguu. Bi Khadija mwenyewe alikuwa katika hao waliomtania, ameniambia. Tukifika nyumbani tulikula muhogo kwa chumvi na pilipili, na wewe ulinung'unika kwa nini kwa jirani kunanukia mchuzi. Maji yote yalitoka na kurudi, na yeye hakuinama hata mara moja kuchimba, kwa sababu akiinama tusingemwona.

Mama alikuwa kibao cha barabarani, Dada. Alijichagulia mwenyewe. Alikuwa mwanamke mwenye njaa na watoto wawili, akaenda kila bamvua kusimama kama mti ili sisi tucheze. Wewe umemwonyesha alivyokuwa mzuri, na mimi nakuomba useme alikuwa anafanya nini. Ukinyamaza, watu watamwona mama aliyetoka kupunga upepo, na huyo hakuwa mama yetu.

Mstari wa bega lake sikuombi uuguse. Naomba maneno machache chini yake, na kama huyataki haya yangu, andika yako: "Mama amesimama ili tumtazame. Maji yakimfika mapajani, tunarudi. Pasipo mtu wa kusimama, hatuvuki."

Rukia yuko salama. Anakusubiri likizo, na amekuwekea makombe chini ya kitanda yananuka nyumba nzima. Siku za bamvua nashuka naye, pamoja na watoto wengine wa mtaa walioanza kutufuata, nami nasimama mkondoni. Mimi ni mfupi kuliko Mama, maji yananifika mapajani mapema, kwa hiyo nawaita nao wananuna kwamba nimewapunja. Wanune. Hapa Siyu nitasimama hata miguu iote magamba.

Lakini kitabu chako hakiko Siyu peke yake. Kiko Pate, na juzi mwalimu mwenzangu aliyehamia Kililana ameniambia kimefika shuleni kwao. Nilipaswa kufurahi. Wengi wa wazazi wa watoto wale ni wakulima waliotoka bara, na bahari wameijua ukubwani. Alinitumia picha kwa simu. Watoto wamebanana juu ya kitabu, na ukurasa uliofunguliwa ni ule. Ameniandikia kwamba ndio wanaoupenda zaidi, na kwamba wamemwomba awapeleke pwani wakamtafute mama huyo.

Nimemjibu asiwapeleke. Amesema sawa. Nawe unajua watoto, huwa hawangoji kupelekwa.

Allah akulinde huko uliko, akulainishie moyo. Nakupenda, na bado nimekukasirikia.

Mdogo wako,
mama mdogo wa Rukia