Mkono wa Kushoto kwa Mama Mkwe

Agripina, acha unachofanya usome hapa. Mama mkwe wa kaka Benno ana roho gani yule??

Si unajua jana Benno kafanyiwa operesheni ya bega? Daktari alishasema ile sindano ya ganzi italaza mkono wote wa kulia mpaka kesho yake, hata kidole hatainua.

Basi mama kafika kutoka Lundo na mfuko wa samaki, mbasa wa kukaanga. Benno kaupokea kwa kushoto. Kushoto, kwa mkwe! Mama akawaka wodi nzima ikageuka: "Umepasuliwa bega, vidole vinahusika nini?"

Edina akamweleza mama yake habari ya ganzi. Wapi! "Mumeo ananidharau!"

Mama akainama, akauchomoa mkono wa Benno kwenye kitambaa alichofungiwa shingoni, akauinua, akauachia. Nesi anapiga kelele! Mkono ukaanguka kama gogo, ukamtua mama shavuni. Kofi, Agripina! KOFI! Sasa anatangaza kapigwa na mkwewe.

Leo asubuhi karudi anataka aombwe radhi. Ganzi imeisha ila nguvu bado. Benno kaushika ule mfuko, vidole vinamtetemeka, akausogeza ukingoni mwa kitanda.

"Chukua samaki wako, mama. Huu hapa wa kulia."