Dumu la Maji Lilikuwa na Nani

Dada yangu,

Nakusalimu kwanza, maana mama alitufundisha kwamba hata mwenye hasira hubisha hodi kabla ya kuingia. Hujambo? Na huyo wa tumboni, hajambo? Uliniandikia kwamba miguu imeanza kuvimba na kwamba anakupiga mateke ukitaka kulala, nami nikafurahi, kwa kuwa mtoto wa mateke ni mtoto mwenye nguvu. Mimi ni mzima. Kifundo cha mguu kinaniuma kukiwa na baridi, ila hilo si jipya. Mama naye hajambo, presha imeshuka, na ameanza tena kugombana na jirani juu ya kamba ya kuanikia nguo, kwa hiyo ujue amepona kabisa.

Barua yako ya mwisho nimeipata jana, na nitaijibu. Lakini niache nianze na habari za kazini, kwa sababu ndiko yalikoanzia.

Kazi yangu hapa kiwanda cha vitabu unaijua kwa kuisikia tu. Chumba chetu kiko ghorofani, juu ya mashine za kuchapa, hivyo meza inatetemeka kutwa nzima na chai inamwagika yenyewe. Tunakaa wawili, mimi na mzee mmoja tuliyempa jina la Mzee Nukta. Mimi nashika muswada wa mwandishi nausoma kwa sauti, neno kwa neno, pamoja na alama zake zote. Yeye anafuata kwenye karatasi zilizotoka mashineni, rula mkono wa kushoto, kalamu nyekundu mkono wa kulia, akivizia makosa. Yaani hata watu wakibusiana, mimi nasema mkato, nukta, aya mpya. Ukitusikia kutoka nje utadhani tumerukwa na akili.

Na siku hizi kinachouzika ni kitu kimoja tu: mwanamume na mwanamke wasiojuana wamekwama nyikani. Mwaka huu peke yake nimeshasoma kumi na tisa. Gari linaharibika, au kindege kinaanguka polepole bila kumuumiza mtu isipokuwa rubani, ambaye kwenye hadithi hana kazi tena. Mvua lazima inyeshe. Blanketi lazima liwe moja. Bwana anajua kuwasha moto kwa vijiti, na bibi anakaa siku nne porini bila kwenda haja hata mara moja. Mzee Nukta husema wanawake wa namna hiyo wangefaa kuwa madereva wa masafa marefu. Tunacheka, tunasahihisha, siku zinakwenda.

Basi Jumanne ya wiki iliyopita tukaletewa wa ishirini. Jina la mwandishi lilikuwa la bandia, jina la ua. Sura ya kwanza niliisoma huku natafuna karanga. Gari la ofisi ya ardhi, ekseli ikakatika. Nikasema moyoni, haya, yamenikuta hata mimi hayo. Msichana karani aliyepewa lifti kwenda kuanza kazi mji mwingine. Mpima ardhi anayeendesha mwenyewe kwa kuwa dereva wake anaumwa. Karanga nikaziweka kando. Sura ya tatu msichana akateguka kifundo cha mguu wa kushoto, bwana akambeba mgongoni kuvuka korongo. Sura ya nne ikaja biskuti ya mwisho, bwana akasema ameshiba, akampa yote. Sura ya tano akamfunika kwa koti lake na kumwambia: Lala, mimi nitahesabu pumzi zako mpaka kuche.

Hapo nikaacha kusoma. Mzee Nukta akaniuliza kwa upole kama baada ya hilo neno kuche kuna nukta au alama ya mshangao. Kuna nukta, Dada. Niliiweka mimi, kwa kalamu ya buluu, kwenye meza ya jikoni kwa mama, miaka sita iliyopita, ukurasa wa saba wa barua niliyokuandikia wewe peke yako duniani.

Barua ambayo uliniapia umeichoma! Nilikuomba uichome, ukanijibu kwamba umeitia kwenye jiko la mkaa na majivu umeyamwaga uani. Hata majivu ulinitajia. Kumbe uliikunja ukaiweka, na ulipokaa nyumbani bila kazi ukaifungua, ukaianika mbele ya watu kama nguo ya ndani. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, nami nilikuwa nausahihisha msemo huo kwenye vitabu bila kujua unanihusu.

Msichana wa kitabuni umemfanya mrefu, mwenye shingo yako na sauti yako, mkubwa katika watoto wawili. Mimi nimo pia, ahsante sana. Mimi ni mdogo mtu mwenye wivu, meno yamepishana, anasikiliza mlangoni, na siku ya harusi analia chooni. Ni kweli nililia chooni. Nilidhani maji ya bomba yalizuia sauti. Mzee Nukta alipofika hapo alitikisa kichwa akasema huyu mdogo mtu ni nyoka wa ndani ya nyumba, nami nikamjibu kwa kumsomea: mkato.

Nilivumilia hata hivyo. Nilishayavumilia makubwa zaidi. Yule mpima ardhi alipoanza kuja nyumbani kunijulia hali, wewe ulikuwa umekuja likizo. Ulikuwa umeisoma barua yangu, unajua kila neno la moyo wangu kuhusu yeye, ukachana nywele ukaenda kumfungulia mlango. Likizo ilikuwa ya wiki tatu. Kufikia wiki ya pili alikuwa haulizi tena habari za mguu wangu. Mwaka haukuisha nikaanza kumwita shemeji. Nilikupigia pasi nguo yako ya harusi, Dada, na sikuiunguza, ingawa mkono ulinishawishi.

Ijumaa tulimaliza kitabu. Mzee Nukta alifuta miwani, akakisifu, halafu akarudi nyuma sura mbili, akaweka rula, akanuna. Yeye ni mtu wa miaka arobaini kazini. Machozi hayamzuii kuhesabu vitu. Akasema garini kulikuwa na dumu moja tu la maji, la lita tano, na limetajwa mara sita. Siku ya tatu bwana anamwacha bibi kwenye kivuli, anakwenda kutafuta msaada, anarudi na watu. Sasa dumu liko wapi? Bibi hanywi, bwana hanywi, dumu limeyeyuka. Akaandika pembeni kwa wino mwekundu, swali la kutumwa kwa mwandishi: Dumu la maji lilikuwa na nani? Nami nilikaa nikilitazama swali lile, nikajua tundu hilo si lako. Umelinakili kutoka kwenye barua yangu, pamoja na vingine vyote.

Ningekaa kimya bado. Ningeacha swali lije kwako kwa njia yake, ukazibe kwa sentensi moja, nasi tukaendelea kuandikiana habari za mama. Lakini jana imefika barua yako. Unasema shemeji amehamishiwa kambi ya upimaji, siku mbili kwa gari kutoka hospitali ya karibu, barabara haipitiki mvua zikianza. Unasema una miezi saba na utafuatana naye Jumapili hii. Mkunga amekukataza, mama amekukataza, na wewe umeandika kwamba wao hawajui unachokijua wewe; kwamba mwanamume aliyembeba mgeni mgongoni hatashindwa kumbeba mke wake. Umeniandikia hayo mimi. Umenitaja niwe shahidi wako.

Kaa chini, kama umesimama.

Hakunibeba. Hakuna korongo nililobebwa, wala biskuti niliyopewa, na hakuna mtu aliyehesabu pumzi zangu. Maneno yale niliyatunga mimi. Ekseli ilikatika jioni, nami niliteguka mguu nikishuka kutazama. Tulilala mle garini, yeye kiti cha mbele, mimi nyuma juu ya vyuma vya kupimia, na tangu asubuhi tulikuwa hatujaongea maneno ishirini. Kulipokucha hayupo. Nilidhani amekwenda kujisaidia. Nikageuka kutafuta maji, dumu halipo. Biskuti hazipo. Nilimngoja hadi jua likawa utosini, nikaita hadi sauti ikaisha. Usiku wa pili nilikunywa maji ya dimbwi yenye viluwiluwi, nikiyachuja kwa pindo la gauni. Asubuhi yake nilianza kutambaa kufuata alama za matairi, na wachoma mkaa wakanikuta, wakanipakia kwenye baiskeli hadi zahanati.

Nilimkuta huko. Ameoga, amevaa shati la kuazima, anakunywa chai. Alikuwa amefika tangu jana yake mchana, akalala kitandani usiku kucha. Mhudumu aliyenifunga mguu alishangaa, akaniambia kwamba yule bwana alisema gari limeharibika, lakini hakusema kama kuna mtu amebaki. Hakunitaja, Dada. Aliponiona alisimama upesi akasema ndiyo kwanza alikuwa anaomba gari anifuate. Watu wakamsifu. Mama alipokuja akamshika mikono yote miwili, akamwita mwanangu.

Utaniuliza kwa nini nilikuandikia uongo. Kwa sababu mama alikuwa ameshamshukuru. Kwa sababu majirani walikuwa wanauliza nililala wapi usiku mbili na nani, na kulala chini ya ulinzi wa shujaa ni heshima kuliko jibu jingine lolote. Na kwa sababu niliona aibu kuachwa kama mzigo uliozidi. Nikakaa mezani nikamwandika upya, nikamvika kilemba cha ukoka, na kufika ukurasa wa nne nilikuwa ninaanza kumpenda huyo wa kwenye karatasi. Nilitaka mtu mmoja tu aamini. Ulipoamini sana, ukamchukua. Naye akavivaa nilivyomshonea. Nilikuona siku moja unamsifu kwa lile la mgongoni, akatabasamu akainamisha macho, akasema hayo ni mambo ya zamani. Alijua. Alinitazama, akaona sisemi, akanywa maji yake.

Na sasa hili, ambalo ni zito kwangu kuliko yote. Sikunyamaza kwa aibu tu. Siku ya harusi, kule chooni, nilikuwa nimeshaamua kutoka nikuambie. Nikajiosha uso. Nikakusikia nje unacheka, unamwambia mtu: Mdogo wangu ana kinyongo, atazoea. Hasira ikanipanda. Nikasema basi, umemtaka, mchukue. Siku moja mtakwama mahali, wewe na yeye na dumu moja, ndipo utamjua. Niliiombea siku hiyo, Dada. Miaka sita nimekula nyumbani kwako, nimecheka na wewe, na moyoni naiombea. Jana nimeisoma barua yako nikaona imefika, na ina tarehe, na mtoto ndani yake. Siitaki. Sijui nilikuwa mtu wa namna gani nilipoitaka.

Najua utakavyosema. Utasema nimeona kitabu chako kinatoka na mimba imekaa vizuri, nikaja kukutilia mchanga kitumbua. Una haki, maana hata mimi nikijisikiliza nasikia wivu, na wivu ninao, siwezi kukuficha. Shahidi sina, yule mhudumu alihamishwa zamani. Lakini fanya jambo moja. Mwulize akiwa anakula, bila kumwonya, lile dumu la maji lilikuwa na nani. Usisikilize jibu. Mtazame tu mikono.

Simu ningeweza kupiga, ila simu ya nyumbani kwenu anapokea yeye. Barua hii nampa kondakta ninayemwamini, aikabidhi mkononi mwako Alhamisi. Ya kitabu sijayasamehe, tafadhali usijidanganye. Tutagombana juu ya kitabu ukishajifungua, na nina maneno ya kututosha mwaka mzima. Kwanza ujifungue, karibu na daktari na taa ya umeme.

Nimeomba ruhusa kazini. Nitaingia hapo kwenu Jumamosi kwa basi la kwanza. Usipande gari la mtu huyo kabla sijafika. Na kama umeamua kutoniamini ukaondoka, nitakufuata kuko huko kambini, kwa lori, kwa baiskeli, kwa mguu wangu huu mbovu, na maji nitabeba mwenyewe.

Nisalimie mkunga, mwambie amesema kweli. Mama anakuombea kila siku, na hajui neno katika haya. Shemeji usimsalimie.

Ni mimi, mdogo wako wa tumbo moja.