Redio Iliyomlea Mdogo Wangu

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Nina jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote. Lakini adabu kwanza: mgongo unaendeleaje? Bado wanawasimamisha huko kiwandani kwenye mashine kutwa nzima? Sisi miili ni mizima. Baba yupo palepale chumba cha mbele na redio zake mbovu, mimi na vitabu vyangu.

Habari ya mdogo wangu ndiyo nzito. Tangu uondoke, Baba amekuwa mkavu wa maneno. Kila asubuhi humweka mtoto mkekani, kando ya ile redio kubwa, akisema inaongea vizuri kuliko yeye. Mtoto ametulia mno, hata watu wanatusifu. Jirani mshona viatu hututania kwamba siku akifungua kinywa ataanza na taarifa ya habari. Tulikuwa tunacheka.

Juzi alianguka, akapasuka mdomo. Mimi nilikuwepo, Baba alikuwepo. Mtoto hakumtazama hata mmoja wetu. Alitambaa damu ikimchuruzika, akaegemeza shavu kwenye redio, akatulia.

Nilimpeleka zahanati. Muuguzi alimsafisha kidonda, akaniuliza mtoto akiumia humlilia nani. Nikamweleza habari za redio. Akanieleza kwamba ubongo wa mtoto hujengwa kwa kuitikiwa: akiguna, mtu agune, akicheka, achekewe. Redio husema, lakini haiitiki. Hajachelewa, alisema, ila tusingoje. Nilipomweleza Baba, alijibu kwamba yeye alilelewa na kuta tupu na mbona hakufa.

Basi jambo lenyewe ni hili. Jana Baba alipotoka kidogo, niliifungua redio nikang'oa waya wa spika. Aliporudi akaikuta bubu. Mtoto akaipiga kofi, akangoja, kisha akaangua kilio ambacho sijapata kukisikia humu ndani. Baba akafungua kifuniko. Fundi kama yeye, aliona papo hapo. Akaniangalia. Nikajua leo nimekwisha.

Hakunigombeza. Aliweka bisibisi chini, akamnyanyua mtoto, naye akamng'ang'ania shati. Baba akaguna, sauti imemkauka, kama mtu anayejaribu chombo kilicholala miaka. Mtoto akanyamaza, akamkodolea macho. Kisha akaguna.

Wasalimie wenzako wa zamu, na ukipiga simu, zungumza na mdogo wangu kwanza, hata asipojibu. Mimi niliokota bisibisi, nikafunga kifuniko, waya nikauacha mfukoni, nikaenda kuketi nao mkekani.

Mwanao,
Bi Vitabu