Neno Ulilomwambia Bakari

Kaka yangu Mbwana,

Shikamoo. Namshukuru Mola kwa kutuamsha salama, mimi huku Marekani kwenye baridi na ninyi huko Kinondo kwenye jua. Goti la mama limepungua maumivu? Mihogo imepata mvua? Mimi ni mzima, ila moyo umechoka, na aliyeuchosha ni wewe.

Ninakuandikia kwa sababu simu unanikatia. Kila nikilitaja jina la Bakari unasema mtandao mbaya. Haya, barua haina mtandao. Nimeiandika kwa mkono, nimeipiga picha, na wifi atakusomea mpaka mwisho.

Saumu alinipigia juzi akilia kwa kwikwi. Mwanao wa kwanza, kaka, nikahi yake imebaki wiki tatu, na wewe walii wake wa kumwozesha unasema husimami. Nikamwuliza kisa ni nini, nikidhani labda mchumba ameonekana ana mke wa siri. Akaniambia, "Shangazi, ni vita." Eti Ijumaa baada ya sala mliandamana Ukunda kwa ajili ya watu wa Gaza, na Bakari, baba wa mchumba, hakuja. Alikwenda zamu yake hotelini Diani. Jioni ukamfuata barazani pake, ukamwambia mbele ya watu, "Mimi na wewe hatuzikani."

Hilo neno ulilitoa wapi? Sisi tumelelewa tukijua watu hugombania mpaka wa shamba, wakanuniana miaka, lakini mmoja akifa mwenzake huenda kubeba jeneza. Kumwambia mtu hatuzikani ni kumtoa katika watu. Na kinachoniudhi zaidi, hamkubishana juu ya vita vyenyewe. Bakari anawalilia wale watoto kama unavyowalilia wewe. Alikueleza kwamba dua ameomba, na kwamba zamu akiikosa kazi hana. Mko upande mmoja, kaka. Mmegombania nani analia kwa sauti kubwa.

Mama Doroti, huyu ajuza ninayemtunza, alinikuta jikoni nafuta macho, akataka kujua. Nikamtafsiria neno lako kwa Kiingereza changu cha darasa la saba, kwamba kaka yangu na rafiki yake hawazikani. Akashtuka, akanipa pole nyingi, akauliza imekuwaje wakafariki wote wawili siku moja. Nilicheka nikiwa na machozi, kisha nikamweleza vizuri. Halafu akanisimulia jambo ambalo miaka minne niliyomwogesha hajawahi kuligusa.

Alikuwa na kaka. Wakati wa vita vya Vietnam kaka yake alipelekwa huko, na yeye akawa anaandamana mabarabarani vita vikome. Anasema nchi ilikatika vipande, baba huku, watoto kule. Kaka yake aliporudi mzima, yeye hakwenda kumpokea. Aliona kumpokea ni kuvikubali vita. Kaka naye akaapa hatakanyaga kwake. Vita vikaisha, waliovianzisha wakazeeka vitandani mwao, na hawa wawili wakaendelea navyo. Kifo cha kaka yake alikisoma gazetini, mazishi yamepita siku tisa. Akaniambia, "Juu ya vita nilisema kweli, Mwanasiti, lakini kaka yangu sikumzika." Sasa wajukuu zake wawili hawakai meza moja kwa sababu ya Gaza. Mmoja alilala kwenye hema la waandamanaji chuoni kwao, mwenziwe anamwita msaliti. Ajuza anawatazama tu.

Na sisi je? Babu yetu alichukuliwa na Waingereza akapigane na Wajapani huko Bama. Babu yake Bakari alikimbilia msitu wa Shimba asichukuliwe. Siku zile hapakuwa na kuandamana, palikuwa na chifu na kamba. Babu aliporudi na kovu lake la shingo alikuwa na haki ya kumwita mwenzake mwoga, na alimwita hivyo kila siku, wakila sinia moja wakicheka, na mwisho babu ndiye aliyeiosha maiti ya mwenzake. Wakati wa vita vya Iraki, si wewe na Bakari mliochukua shuka langu jipya mkaliandika kwa rangi ya ukutani? Bakari akakosea herufi mbili, mkaandamana nalo hivyo hivyo. Shuka sikulipata tena.

Nikuambie nililolificha. Maandamano ya huku hupita chini ya dirisha letu kila Jumamosi, na sijashuka hata mara moja. Naogopa kunyang'anywa makaratasi ya kukaa nchini. Nafunga pazia, natandika mswala, nawaombea wale watu, kisha nampikia ajuza uji. Bakari amefanya nini ambacho mimi sikukifanya? Ikiwa kosa lake linazuia nikahi, basi na mimi unihukumu.

Saumu anasema atapanda Kwale kwa kadhi, amwozeshe badala yako. Nimemwomba asubiri mpaka Alhamisi. Lakini Bakari nimezungumza naye, na hataki. Ameniambia, "Mimi sichukui binti wa Mbwana kama mwizi." Kwa hiyo mwanao amekwama, kadhi yuko tayari, mchumba yuko tayari, na anayekungojea wewe ni huyo huyo uliyemtukana.

Nisalimie mama, mwambie dawa ya kuchua nimempa mtu anayekuja mwezi ujao. Nisalimie wifi, na asiruke mstari hata mmoja. Saumu mpe mkono wangu, mwambie shangazi yake anamwombea kila sijida. Imamu wetu naye mpe salamu.

Bakari sikuombi umsalimie kwa niaba yangu. Nenda na salamu zako mwenyewe, kwa miguu, kabla ya Alhamisi, na ukifika barazani pake ulifute lile neno mbele ya wale wale waliokusikia.

Mola akulainishe moyo.

Dadako akupendaye, ingawa leo kwa shida,
Mwanasiti