Vitabu vya Siku ya Mkaguzi

Kwako Dada yangu,

Pokea salamu zangu kwanza, kabla hasira hazijanipokonya kalamu. Miguu inaendeleaje? Binti yako aliniandikia kwamba inavimba ukisimama jikoni kule hospitali kutwa, na kwamba umekataa katakata kuletewa kiti, eti mpishi akishakaa chakula nacho kinakaa. Nimecheka, lakini kaa. Wajukuu hawajambo? Yule wa mwisho ameacha kung'ata sabuni? Huku sote tu wazima. Shemeji yako kikohozi kimemwachia, cherehani yangu imepata mkanda mpya, na mvua imenyesha ya kutosha kuharibu barabara na si zaidi. Kwa afya sina la kulalamika. Ninalolalamikia ni jingine, na ndilo lililonifanya niache magauni ya watu mezani mchana kweupe nikae nikuandikie.

Shule yetu imetimiza nusu karne. Wameunda kamati, na kamati ikaamua kulipangusa vumbi darasa letu, lile la mwisho karibu na vyoo, waligeuze kuwa "Darasa la Zamani", watu waje watazame jinsi tulivyosoma. Mwenyekiti ni yule mtoto wa mwenye duka aliyekuwa akila chaki. Siku hizi ana kitambi na miwani, na akiongea anaishika tai yake kama vile itamkimbia. Alinijia mwenyewe nyumbani akaniomba nishone mapazia na vitambaa vya meza. Alisema mimi ni mtoto wa shule ile na kazi hiyo itakuwa kumbukumbu. Nikakubali kwa moyo mweupe.

Nilipoingia kupima madirisha nilidhani nimekosea chumba. Kuta nyeupe pe, maua juu ya meza ya mwalimu, na wanasesere wakubwa waliovalishwa sare, wote wana viatu. Viatu, Dada. Nikamwuliza Mwenyekiti ni nani kati yetu alikuwa na viatu zaidi yake yeye. Akasema wageni hawapendi kuona mambo ya kusikitisha. Hakuna debe la maji tuliyokuwa tukinyunyiza asubuhi ili vumbi litulie. Ubao tuliousugua kwa makaa ya betri na majani mpaka viganja vikawa vyeusi sasa umepakwa rangi ya dukani. Fimbo iliyokaa juu ya fremu ya mlango imewekwa karibu na ramani, eti ilikuwa ya kuonyeshea mito. Na kila mwanasesere ana kitabu chake mbele yake. Hapo ndipo nilipoacha kupima.

Sisi kitabu kilikuwa kimoja kwa meza nzima, unakumbuka. Tulikaa wawili huku na wawili kule, tukitazamana, kitabu katikati. Waliowahi walikaa upande ambao maneno yanawaelekea. Waliochelewa walikaa upande wa pili, wasome kichwa chini au wasisome, shauri yao. Wazazi walikuchelewesha kuanza ili uje uanze pamoja nami, na hata ulipoanza ulichelewa kila siku ya Mungu, kwa sababu ulikuwa unampeleka kwanza mdogo wetu kwa bibi. Mimi ulinitanguliza mbio ili nipate upande mzuri. Basi tangu darasa la kwanza mpaka la tatu ulikaa mbele yangu, na maneno yote yalikuwa yamekupa miguu. Na ulisoma. Ulinitajia neno kabla kidole changu hakijalifikia. Nilikuwa mdogo, nikadhani ndivyo watu walivyo, wengine husoma hivi na wengine vile.

Sasa sikiliza. Kule mwisho wa chumba, chini ya dirisha, wameweka meza yenye kifuniko cha kioo. Ndani wamepanga vitabu vya kusoma, vilevile vyetu, vyenye picha ya watoto wanaoruka kamba kwenye jalada. Vipya kabisa. Majalada yanang'aa, hakuna ukurasa uliokunjwa hata pembe. Ni vingi, vinalitosha darasa lote na kubaki. Kibao kinasema kwamba vimehifadhiwa kwa uangalifu mkubwa na mwalimu wetu mpendwa. Nikajifanya nataka kupima kitambaa, nikainua kioo nikashika kimoja. Ndani ya jalada kuna muhuri wa shule yetu, na mwaka uliopigwa ni ule tulioanza darasa la kwanza.

Vilikuwa kabatini, Dada. Miaka yote tuliyokuwa tukigombania kitabu kimoja kilichochakaa, vingine vilikuwa kwenye lile kabati la kijani nyuma ya kiti cha mwalimu, na ufunguo uko kiunoni mwake. Tulimwita Mzee Funguo tukidhani tunamtania tu. Sisi tuliamini mkaguzi wa shule huja na vitabu vyake garini. Akija, tunavikuta mezani. Akiondoka, havipo. Mtoto atauliza nini hapo?

Siku ile ya mkaguzi najua unaikumbuka kuliko mimi. Lakini hatujawahi kuizungumza, mbele ya wazazi wala sisi wawili, kwa hiyo niache leo niiseme. Kila mtoto aliwekewa kitabu chake. Wewe hukuwahi kushika kitabu peke yako tangu uzaliwe. Mkaguzi akapita katikati ya meza, akakunyooshea kidole, akakuambia usimame usome. Ukakichukua, ukakitazama, ukakigeuza juu chini, kama mtu yeyote anavyokigeuza kitu ili aweze kukitumia. Hukuwahi hata kufungua mdomo. Darasa zima lilipasuka kicheko. Mkaguzi alicheka mpaka akafuta machozi, akakunyang'anya kitabu mkononi, akasema mtoto aliyekaa darasani miaka yote hiyo asijue kichwa cha kitabu na miguu yake anamzibia mwenziwe nafasi. Mzee Funguo alikuwa amesimama palepale karibu na kabati. Alikuwa amekusikia ukisoma wiki nenda wiki rudi. Naye akacheka.

Kabla ya kengele ya kutoka ulikuwa umeshaitwa Popo. Baba akaitwa ofisini. Unamjua baba, kwake mwalimu akisema jua ni la kijani yeye atalitazama upya. Akarudi, akamwambia mama kwamba darasa la nne wewe huendi, utamsaidia jikoni. Hukulia. Hilo ndilo linaloniuma, ungelia ningejua umeona umeonewa. Wewe uliamini. Mpaka leo ukiletewa karatasi unasema wewe si mtu wa karatasi, mpe fulani asome, na unalisema kwa kucheka, na watu wamezoea.

Siku ya sherehe Mzee Funguo alikuja. Amezeeka, ameshikwa mkono na wajukuu, ila sauti ni ileile. Akawasimulia wageni jinsi alivyovitunza vile vitabu. Kila Ijumaa alivitoa akavipangusa, akanyunyiza dawa ya mende, akavirudisha, na kidole cha mtoto hakikuvichafua isipokuwa siku ya mkaguzi. Wakampigia makofi. Kwa jambo hilo, Dada, watu wazima wenye watoto wao wakapiga makofi. Makofi yalipomnogea akataka kuwachekesha, akasema shule hii imewahi kuwa na mtoto aliyeshika kitabu miguu juu mbele ya mkaguzi, tukimwita Popo. Ukumbi ukacheka. Mwenyekiti alicheka mpaka akaiachia tai.

Mimi nilikuwa nyuma, nimesimama kwenye kiti nikirudishia pazia lililochomoka, pini mdomoni. Nilizitoa pini moja moja ili nisije nikazimeza, nikashuka, nikapita katikati ya viti mpaka mbele. Mshereheshaji akadhani naenda kutoa zawadi, akanipisha.

"Mwalimu," nikamwambia, "yule mtoto alikuwa anajua kusoma au hajui?"

Sikutegemea jibu. Nilitegemea ababaike, au ajifanye hasikii vizuri, na matusi yangu nilikuwa nimeshayapanga. Alinitazama, sidhani kama alinitambua, kisha akajibu kwa upole kabisa, kama mtu anayeulizwa njia:

"Alikuwa anasoma kuwapita wote. Lakini ningesema hivyo mkaguzi angetaka kujua kwa nini anasoma kichwa chini. Ningemwambia nini kuhusu vitabu?"

Alijua. Hakusahau wala hakukosea. Aliyapima mambo mawili pale pale aliposimama, wewe na kabati, akachagua kabati. Na amekaa na jibu hilo maisha yake yote bila kumwambia mtu, kwa sababu hakuna aliyemwuliza. Nikageuka kurudi, na matusi yangu hayajatumika. Mshereheshaji akaita kwaya haraka haraka, watu wakawa wanaangalia viatu vyao, na Mzee Funguo akaletewa soda.

Mwenyekiti alinifuata mpaka nje. Alisema nimemwaibisha mzee wa watu, nimeharibu shughuli, hayo ni mambo yaliyopita, na kwamba zama zile vitabu vilikuwa adimu, vingegawiwa vingechanika. Nikamwambia vingechanika, ndiyo, na sisi tungeingia darasa la nne sote. Akasema nina kinyongo. Nikamwambia ninacho, na nimekigundua mwezi huu tu, kwa hiyo bado ni kipya kama vitabu vyake. Alipoona siombi radhi akarudi ndani kula.

Sasa nikuungamie jambo, na usinigombeze, maana najua sauti yako inavyopanda. Sherehe ilipoisha waliniachia kazi ya kuifunika ile meza ya kioo kwa kitambaa. Nilikuwa peke yangu. Nikainua kioo, nikatoa kitabu kimoja, nikakiviringisha kwenye masalio ya pazia, nikatoka nacho kwapani nikiagana na mlinzi vizuri tu. Mimi, ambaye sijawahi kubakiza hata kifungo cha mteja. Mwenyekiti alikuja kesho yake akihema, kitabu kimoja hakionekani. Sikumficha. Nilimwambia nimekichukua na kinakwenda kwa mwenyewe. Akataja polisi. Nikamwambia amlete, ila amlete anayejua kuandika, kwa sababu nina maelezo marefu na nataka yaandikwe yote, pamoja na kwa nini kitabu cha zamani kiasi hicho ni kipya. Hajarudi mpaka leo. Kitabu kimo humu kwenye kifurushi, chini ya kanga nilizowapindia wajukuu.

Lingine ni hili, na ndilo lenyewe hasa. Binti yako aliniandikia kwamba hospitali wanataka uwe msimamizi wa jiko lote, na kwamba umekataa tena, kama ulivyokataa zamani, eti kazi hiyo ina karatasi za stoo. Nilipoisoma wakati ule nilisikitika nikanyamaza, nikasema ndivyo ulivyo. Sasa sinyamazi. Mwaka juzi nilipokuja kwako, mkweo alikuwa mezani na gazeti lake, wewe umekaa upande wa pili unachambua mchele. Ukaangua kicheko. Yeye akashangaa unacheka nini. Alipogeuza macho akasoma chini kidogo, ndipo naye akacheka. Niliona, Dada. Nilikaa kimya kwa sababu sikujua niseme nini. Leo najua: hujaacha kusoma hata siku moja.

Wasalimie wote, mkweo na wajukuu, na wapishi wenzako wanaokuvumilia. Shemeji yako anakusalimu sana, anasema anakuunga mkono kuhusu kiti, tumpuuze.

Na wewe binti yetu, najua ni wewe unayesoma kwa sauti. Ahsante mwanangu. Ukifika hapa acha, mpe mama yako karatasi, mwambie haya yaliyobaki si yako. Usiigeuze. Mpe hivyo hivyo ilivyo.

*

Dada,

Hapa mimi ndiye niliyegeuza karatasi kabla ya kuandika, kwa hiyo wewe huna haja ya kuigeuza. Tuko wawili tu, na hakuna anayecheka. Soma taratibu, hakuna wa kukunyang'anya.

Kesho nenda kwa mkubwa wa hospitali umwambie umekubali. Akikupa karatasi zake zishike upande unaosomeka kwako, naye angoje mpaka umalize. Akishangaa, ashangae.

Halafu niandikie. Usimtume mtu. Hata mstari mmoja, kwa mkono wako, kwa upande wowote utakaokujia. Mimi nitaugeuza.

Mdogo wako