Ngozi za Anold Katika Banda la Mbuzi Wako

Kisaka,
S.L.P. Mugumu,
Serengeti.
17 Juni 2025

Mpendwa Dada Agustina,

Shikamoo. Habari za Mbeya na baridi yake? Mguu wako unaendeleaje, na watoto wanasoma vizuri? Sisi hatujambo, ila mimi tangu juzi chakula hakipiti.

Ni habari ya mbuzi wako uliyeniachia. Mwaka jana watoto wake wawili walikufa kwa uchafu kuingia kitovuni, ukasema tukipoteza tena auzwe kwa mchinjaji. Kwa hiyo safari hii nilijipanga. Nilitenga wembe mpya, uzi, iodini na magunia makavu. Katika daftari langu nilikuwa nimeandika, tarehe 6 Februari, kwamba beberu wa jirani alikuwa akimkimbiza. Nikahesabu siku mia na hamsini, nikapata 6 Julai. Kusafisha banda nikapangia 20 Juni.

Huku nyuma shemeji yako Anold ameanza kununua ngozi mbichi kwa wachinjaji. Amezitundika wapi? Humo humo bandani. Chumvi na damu zinachuruzika juu ya samadi, nzi wamejaa, na ukiinua ngozi moja unakuta funza wanene wanajikunja. Harufu inafika mpaka jikoni.

Nilimwambia azitoe, akacheka. "Mama Neema, huyu ni mbuzi, hazai hospitali."

"Basi lala humo wewe, Baba Neema."

"Kiwele kimeshajaa. Atazaa wiki hii."

"Daftari linasema Julai."

"Haya, lisomee mbuzi."

Dada, kiwele nilikiona na mimi. Nikaamini daftari. Nilisahau kwamba katikati ya Januari nilikuwa Kemambo kwenye msiba, na mbuzi alichungwa pamoja na wa jirani. Anold alijua alipandwa siku zile. Anasema sikumuuliza.

Jumapili tunatoka kanisani, nikasikia mbuzi analia. Nilimkuta amelala chini ya ngozi. Mtoto wa kwanza alikuwa ameangukia kwenye ule uji wa damu na samadi, ameshakufa, nzi machoni. Wa pili alitoka mbele yangu, ametulia tu, pua zimezibwa na ute mzito. Nilimfuta kwa gunia, nikamning'iniza kwa miguu ya nyuma, wapi. Nikafumba macho, nikaweka mdomo puani mwake, nikavuta. Nikatema. Nikavuta tena. Sitakueleza ladha yake. Mara ya tatu akapiga chafya usoni kwangu.

Ni jike, mweusi. Kitovu nimekikata kwa wembe na kukipaka iodini, na leo ananyonya. Tumehamia stoo ya mahindi, mama na mtoto. Ngozi nimezitupa nje ya boma zote.

Naomba sana, mbuzi asiuzwe. Kosa la tarehe ni langu, nalo nimeliandika.

Nisalimie Shemeji Sylvester, Elieth na mdogo wake. Bibi Waisiko anakusalimu. Mungu awalinde na awape afya.

Mimi nimepiga mswaki mara sita. Anold, mtu anayenuka ngozi mpaka kwenye mto, amenikataza kunywea kikombe chake.

Mdogo wako anayekupenda siku zote,
Tabitha